Mwosha Maiti wa Kisarawe

Wazee wa msikiti wetu wa Kisarawe walikuwa watu wa kujiona. Mkubwa wao alikuwa na duka la nguo, na kila baada ya wiki mbili alikwenda Dar es Salaam kuswali Ijumaa kwenye misikiti ya mjini, ili aonekane na mashehe wa huko. Akirudi alikuwa na jipya: safari hii namna ya kufunga kilemba, safari nyingine namna ya kufumba macho wakati wa dua. Elimu sikumwona akirudi nayo hata siku moja.

Mama yangu aliosha maiti wa kike wa mji ule tangu mimi sijazaliwa. Bibi yake aliletwa kutoka bara akiwa mtumwa, na ingawa Waingereza walikwisha kupiga marufuku utumwa, hakuna mwungwana aliyekubali kulisahau hilo. Kwenye maulidi mama alikalishwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, lakini kupika haruhusiwi. Eti mikono ile inashika maiti. Aliyezidi wote ni mke wa huyo mzee wa duka: mama akinywa maji kwake, kikombe kilisuguliwa kwa majivu huku mama akitazama. Halafu akifa mtu, mvua isimame isisimame, mbio kwa mama. "Bi mkubwa, njoo utusitiri." Siku hiyo ndiyo anakuwa bi mkubwa.

Mimi binti yake niliwachukia. Mama hakuwachukia, na hilo liliniudhi zaidi. Alikuwa na ombi moja tu, akilirudia kila alipougua: "Siku yangu ikifika nataka wanioshe wao, kama nilivyowaosha mama zao. Ukiniosha wewe peke yako, basi sikuwa mtu wao."

Alifariki asubuhi, mwezi wa Shaabani. Wanawake walijaa uani wakilia kwa madaha, utadhani wamefiwa na dada. Nilipotoka na ndoo kuomba wa kunisaidia, vilio vikakatika. Mmoja mgongo unamuuma. Mwingine mjamzito, mimba ambayo hatukuiona ikizaliwa mpaka leo. Mke wa mzee akasema, bila kuondoa kanga puani, "Sisi hatujui, mwanangu. Kazi hiyo si ya kwetu."

Na kweli hawakujua. Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyejifunza. Sijui walidhani mama hafi. Jirani yetu, mama mmoja Mlutheri, ndiye aliyechota maji kisimani akaniletea hadi mlangoni. Ndani nilimwosha mama peke yangu, nikimwomba radhi kila nilipomwaga maji.

Ramadhani haijaisha, mke wa mzee naye akafariki. Mzee akaja kwangu mwenyewe, kwa miguu, na kwa mara ya kwanza akaniita mwanangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tusitiriane. Unajua hii ni faradhi ya wote. Asipopatikana wa kuosha, mji mzima tunabeba dhambi."

"Na siku ya mama yangu, mji ulikuwa umehamia wapi?"

Akakirekebisha kilemba chake cha kimjini.

"Nitakuja," nikamwambia. "Lakini maji sishiki. Wataosha binti zako, mimi nitawaelekeza."

Walikuwa wawili, wakubwa, wenye waume. Nikakaa kwenye kigoda nikakunja mikono. Yule mdogo aliidondosha kata ya maji. Yule mkubwa alimwagia maiti maji akiwa mbali, shingo imegeukia ukutani.

"Sogea," nikasema. "Upande wa kulia kwanza. Polepole, huyo si sufuria, ni mama yako. Mshike mkono."

Akamshika. Ndipo akalia, na safari hii hakulia kwa madaha. Nje baba yao akabisha hodi, akauliza kama tayari.

Kuosha mara tatu ni sunna. Walipomaliza ya tatu wakanitazama, mikono imewasinyaa kwa maji, wakingoja niwaruhusu. Marehemu alikuwa safi kabisa. Nikawaambia bado. Ya nne na ya tano nilizitaka mimi tu, nasema kweli, na mpaka leo sijatubu.