Baba, mimi na njia nyembamba ya piramidi

Leo nusura nikose kuingia ndani ya piramidi, na sababu ni adabu tu.

Shule zimefungwa, na kaka yangu anasoma Kairo. Ndiyo maana mimi na Baba tuko huku Misri.

Njia ya ndani ni nyembamba na ya chini. Unapanda umeinama, uso karibu na makalio ya aliyetangulia.

Baba alichungulia, akarudi nyuma.

"Nenda na hao wengine. Nitakungoja hapa."

Wakisii wenzangu mnaelewa. Kwetu, kwa heshima, mzazi na mtoto hawainamiani hivyo.

Lakini ni yeye aliyenisomea habari za piramidi nikiwa mdogo, huko kwetu Sironga. Bila yeye sikutaka kuingia.

Basi mimi, nisiyeinua mkono darasani, nikamwomba mama mmoja mtalii apite katikati yetu.

"Kwa nini?"

"Yule ni baba yangu."

Alicheka. Baba akakubali kutangulia, yeye akamfuata, nami nikawa nyuma.

Juu kuna chumba kitupu na jeneza la jiwe. Baba akavua kofia.

Tulipogeuka, yule mama alikuwa ameshashuka.

"Tutamngoja mwingine," Baba akasema.

Tukakaa pale, bega kwa bega. Watu walipita wengi. Hakuna kati yetu aliyemwomba yeyote.

Mngekuwa ninyi, mngeharakisha?