Mzaha wa chai pale maabara Embu, na wanakondoo wa Mama kule Timau

Wakuu, habari za jioni. Nitawasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina. Watu wa lab mtacheka. Watu wa mifugo, naomba msubiri nifike mwisho ndipo mnirushie mawe.

Mimi ni lab technician Embu. Tunapima maziwa na maji. Nyumbani ni Timau, upande wa baridi, ambako Mama anafuga kondoo peke yake tangu Baba afariki.

Kaka yangu mkubwa, Mutuma, anaishi Meru town. Kila akimtembelea Mama wimbo ni ule ule: uza kondoo, uhamie kwangu, upumzike. Mama humjibu kwamba mapumziko atayapata kaburini, hana haraka nayo.

Sasa ikanyesha mvua ya mawe. Fence kati ya boma letu na la jirani, Baba Koome, ikalala chini. Asubuhi kondoo wa nyumba mbili walikuwa kundi moja.

Wakubwa hawakuwa shida. Wetu wamekatwa alama sikio la kushoto, wa Baba Koome sikio la kulia.

Shida ilikuwa wanakondoo. Hao hawajakatwa masikio, hupakwa rangi mgongoni tu. Na msimu huu nyumba zote mbili ziliwapaka ile spray ya bluu ya vidonda, kwa sababu kila mtu alikuwa nayo kwa store na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Najua mfugaji hapa atasema: mwanakondoo anamjua mamake, waachilie tu. Waliwaachilia. Watoto walikimbia pamoja kama wanafunzi wa nursery, wengine wakaiba maziwa kwa nyuma ya kondoo wasio mama zao, na watu wa pande zote mbili wakawa wanapiga kelele, "Huyo ni wetu!" Hakuna kilichoamuliwa.

Ndipo Koome, kijana mkubwa wa jirani, akasema Jumamosi wagawane nusu kwa nusu.

Mama alikuwa amezalisha wengi kuliko wao, na kila mtu alijua. Nusu kwa nusu ingempunja. Lakini Mutuma aliposikia alimwambia kwa simu, "Kubali, Mama. Halafu uuze hao watakaobaki. Kama huwezi kuwatambua watoto wa kondoo wako, basi umefika mwisho wa hiyo kazi."

Mama alinipigia Ijumaa. Hakulia. Aliniuliza tu, "Wewe ndiye ulisomea kutenganisha vitu. Huwezi kutenganisha hivi?"

Saa ya chai nikawaambia wenzangu wawili, Muriithi na Karimi. Kosa kubwa, kwa sababu hao wakipata mandazi na mada hawanyamazi.

"Weka kwa centrifuge, wazungushwe kwa kasi," Muriithi akasema. "Wazito wataenda chini."

"Chuja na sieve," akasema Karimi. "Anza na mashimo madogo."

"Distillation pia ni nzuri. Unawapasha moto polepole..."

"Muriithi, hiyo si distillation. Hiyo ni nyama choma."

Tukacheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Halafu Muriithi, bado anatafuna, akasema, "Fanya affinity chromatography. Column ni njia ya ng'ombe. Kondoo mama amesimama pale, mtoto wake akipita ananasa."

Kwa wasiojua: una mchanganyiko, unaupitisha kwenye bomba, ndiyo column, lenye kitu kinachoshika aina moja tu. Aina hiyo inabaki, nyingine zinapita.

Wao waliendelea kucheka. Mimi niliacha kucheka. Nilienda nje nikampigia Mama, nikamwambia asikubali kugawa mpaka nifike, na jioni wanakondoo wote wafungiwe mbali na mama zao. Nilitaka waamke na njaa.

Jumamosi alfajiri Timau ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Baba Koome alikuwa amekubali tujaribu kabla ya kugawana, basi tukawafungia kondoo wakubwa wa Mama kwenye zizi la kushoto, wake kulia. Katikati tukaacha njia nyembamba yenye mbao pande zote mbili. Wanakondoo walikuwa kwenye banda, mwanzo wa njia.

Mutuma alikuwa amekuja, mikono mfukoni. Nadhani alikuja kumchukua Mama.

Mama mwenyewe nilimwomba asimame nyuma ya tangi la maji, asiite, asikohoe. Alienda bila swali.

Run ya kwanza ilikuwa aibu. Koome alifungua mlango wote, wakamiminika kama maji, wakapita mazizi yote mawili bila kusimama, wakarundikana kwa gate.

"Daktari," Koome akaniambia, "hii maabara yako imelipuka."

"Saa hii tungekuwa tumeshagawa na tumekunywa chai," Mutuma akaongeza.

Nikawarudisha wote bandani, nikamtumia Muriithi picha. Jibu lilikuja na emoji za kucheka, lakini lilikuwa jibu: "Umeoverload column. Punguza sample. Na uioshe kabla ya run nyingine."

Wakuu, huo ndio ulikuwa ufunguo. Hakuna mtu lab anayemwaga chupa nzima kwa mpigo.

Tukaanza kutoa wawili, watatu. Tukasubiri njia iwe tupu kabla ya kutoa wengine. Niliwaomba watu wote warudi nyuma na wafunge midomo, maana watoto walikuwa wanatukimbia sisi.

Sheria ilikuwa moja. Mwanakondoo akisimama kwa zizi, kondoo mama amnuse na amkubali. Akimpiga kichwa, anarudi bandani kuanza upya.

Bila kelele zetu, ungesikia kila mama akiita na kila mtoto akigeuza shingo. Wakaanza kunasa. Kushoto. Kushoto. Kulia. Kushoto tena.

"Huyo ameenda kushoto kwa makosa," Koome akalalamika.

Baba Koome, aliyekuwa ameegemea mbao za zizi lake, akamgeukia. "Koome, huyo kondoo hajasoma mpaka ajue kudanganya. Nyamaza."

Jua lilipotoboa ukungu alikuwa amebaki mmoja.

Ni jike, mnene, uso mweusi, na Koome alikuwa amemkazia macho tangu alfajiri. Mama alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba kuna mmoja aliyefiwa na mamake, akalelewa kwa chupa. Koome alimjibu kwamba kila mtu anaweza kusema hivyo. Na kweli Mama alipojaribu kumwita kwa chupa siku ile ya kwanza, walikuja wanne.

Tulimtoa huyo peke yake. Akaenda kushoto, akanuswa, akapigwa kichwa. Akaenda kulia, vivyo hivyo.

"Column imekataa," Koome akasema. "Huyo tuangalie nani ana wachache, apewe."

Mutuma aliangalia saa.

Mwanakondoo akasimama katikati ya njia, akalia mara moja. Kisha akainama, akapenya chini ya ubao, akakata uwanja mzima akitembea, hakimbii, mpaka nyuma ya tangi. Tulipomfuata tulimkuta ameshika pindo la leso ya Mama mdomoni, ananyonya.

Mikono ya Mama ilikuwa mitupu.

"Chupa iko wapi?" Koome akauliza.

"Niliiacha nyumbani," Mama akasema. "Sikutaka niambiwe nimehonga."

Baba Koome alicheka mpaka akashika mbao. Kisha akamwambia, "Mama Mutuma, chukua mtoto wako."

Nilingoja ule wimbo wa Mutuma wa kuhamia Meru. Akatoa mikono mfukoni, akaenda mpaka pale fence ilipolala, akatikisa nguzo moja iliyooza.

"Mama, tuweke nguzo za mti gani?"

"Mutarakwa," Mama akasema. "Usiniletee bluegum, inaoza."

Ndiyo hivyo, wakuu. Mama bado yuko Timau. Sasa anapaka nyekundu, Baba Koome anapaka kijani, na wanaulizana kabla ya kununua.

Nilichojifunza: mzaha wa watu wanaoijua kazi yao usiupuuze, unaweza kuwa ndani yake na njia. Na jambo likikushinda kwa jumla, lipunguze, ulirudie, usiende nyumbani.

Nyinyi mnaofuga kwa majirani waliobanana, mnaweka alama gani isiyofanana na ya mwenzako? Na watu wa lab, nani ana njia ya kuku? Muriithi anasema electrophoresis, yaani kutenganisha kwa umeme, lakini sitaki kesi.