Shangazi na Mkunjo wa Geti

Shangazi yangu ni fundi wa bodi za magari, na hana habari na sura ya gari. Taa za mbele, anasema, ni tabasamu la dukani. Yeye huzunguka moja kwa moja hadi nyuma. Anapenda magari ya zamani yenye buti la mviringo linaloteremka taratibu hadi kwenye bampa. Haya ya sasa, yaliyokatwa wima kama mkate, huyasifu tu yakiwa na ule mstari mmoja mwekundu wa taa kutoka bega hadi bega. Akianza somo hilo mezani, sote tunakula haraka.

Mwezi uliopita baba, ambaye ni kaka yake na dereva wa kiwanda cha magodoro, alisimamishwa kazi. Geti lilikutwa limebonyea, na meneja akashikilia kwamba baba ndiye aliyeligonga akirudi nyuma na gari kuukuu la ofisi. Baba alikana katakata. Akapewa mpaka Ijumaa ajieleze, la sivyo kazi hana.

Siku hiyo tuliongozana watatu. Baba na mimi tulifuata nyuma. Shangazi, na ovaroli yake, alitembea kama mwenye kiwanda. Akalipapasa geti kwa kiganja, kisha akasimama ubavuni pake ajipime.

"Meneja, hebu njoo. Huu ni mkunjo mmoja, umenyooka, uko usawa wa kiuno. Gari la kaka limetanguliza bampa, lingegonga huku chini, magotini. Hapa pamegongwa na buti lililokatwa wima, lenye ukingo juu. Gari jipya."

"Mama, wewe ni fundi au hakimu?"

"Fundi. Lileteni gari lenyewe tuone litagusa wapi."

Likarudishwa nyuma polepole. Bampa likagusa geti magotini, na kati ya buti na ule mkunjo ungepitisha ngumi. Mlinzi wa geti akakohoa, akitazama pembeni, kwenye gari jipya la meneja.

"Sasa tulete na la kwako," shangazi akasema.

"Hakuna haja," meneja akajibu upesi. "Dereva aje kazini kesho."

Nilitamani kupiga vigelegele palepale. Tulipofika barabarani, baba alimshika dada yake mkono.

"Asante kwa kuniamini, dada."

"Nani kakuamini? Ningekuta mkunjo uko magotini, ningesema ni wewe, tena mbele ya meneja wako."

"Najua," baba akasema. "Ndiyo maana nilikuita wewe."