Mshukuru Mungu, Ni Meno Tu

Mtu wa kwanza kuniambia nimshukuru Mungu alikuwa amekanyaga jino langu. Sisemi alifanya makusudi. Nilikuwa nimelala kwenye mfereji wa barabara ya vumbi, kwenye mteremko wa kuingia Ihanda, mdomo umejaa damu na changarawe, na dereva wa bodaboda aliyenimwaga hapo alikuwa akizungukazunguka kutafuta kofia yake. Alikuwa amemkwepa mtu wa baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi. Yeye alichubuka kiwiko. Mwenye baiskeli hakuchubuka popote, na ndizi zake zilisalimika.

"Mzee, mshukuru Mungu," dereva akaniambia. "Ni meno tu."

Watu walishajaa. Mama mmoja akaufungua mkoba niliokuwa nimeukumbatia kifuani, akatazama ndani, akapiga kelele: "Na tarumbeta zima! Halina hata mkwaruzo! Jamani, Mungu ni mkubwa!" Mwingine akapiga kigelegele. Kigelegele, mimi nikiwa mferejini. Nilitamani kumng'ata mtu, na papo hapo nikagundua kwamba vifaa sina.

Ni meno tu. Nimelibeba neno hilo "tu" kwa miezi mingi sasa na bado halijapungua uzito. Ningekuwa napiga gitaa, sawa, ningefunga mdomo na kuendelea. Lakini tarumbeta halipigwi kwa mapafu kama watu wanavyodhani. Linapigwa kwa midomo. Unaibana, unaipitishia hewa mpaka itetemeke, na nyuma ya midomo hiyo, kama ukuta nyuma ya pazia, yapo meno ya mbele. Mimi niliangusha matatu ya juu, yote ya katikati, pale pale ambapo chuma hukaa. Mtu angeweza kunivunja mguu nikamwambia asante.

Nieleze kwanza nilivyoingia katika ujinga huu, maana sikuzaliwa nao. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, nina shahada yangu na tabia yangu ya kuandika makala ndefu magazetini ambazo husomwa na mimi na shemeji yangu mmoja, tena yeye husoma mwanzo tu. Niliandika moja ya kuomboleza jinsi matarumbeta yanavyokufa katika sharika zetu, jinsi vinanda vya umeme na maspika vinavyoyafukuza. Niliipenda sana makala ile. Jumapili iliyofuata kiongozi wa bendi ya usharika wetu, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tatu kule Nyaishozi, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe mtoto, unamlilia marehemu ambaye hajafa. Jumatano saa kumi, njoo upulize."

Mtoto huyo alikuwa na mvi. Nilikwenda.

Mwaka wa kwanza sitaki kuusimulia kwa kirefu. Ng'ombe wa jirani alikuwa akinijibu. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Muleba na huamini kwamba Wanyambo tuliumbwa siku ambayo Mungu alikuwa na haraka, alinihamishia mwisho kabisa wa kibanja, kule migomba inapokutana na mibuni. Akasema kahawa haina masikio. Nilisimama huko kila jioni nikitoa sauti za mlango usiotiwa mafuta. Midomo ilivimba, ikapasuka, ikaota sugu. Kuna siku nilimwambia Mwalimu labda nimeanza nikiwa nimechelewa. Akasema ndiyo, umechelewa, shika tarumbeta.

Upo wimbo tunaoupiga kila sikukuu ya mavuno. Katika mstari wa tatu, sauti ya kwanza inapanda hadi so ya juu na kubaki hapo, inaning'inia, huku sauti nyingine zikitembea taratibu chini yake. Ilinichukua miaka saba kuifikia ile so. Kwanza ilikuja kwa bahati, nikadhani nimesikia ndege. Baadaye ikawa inakuja mara moja moja. Halafu mwaka juzi ikakubali kuja kila nilipoiita. Shahada niliipata kwa kukariri, kazi niliipata kwa kujuana, mke nilimpata kwa sababu aliyemtaka alihamishiwa Kigoma. Ile so ndiyo kitu pekee maishani mwangu nilichokipata kwa haki. Na ndiyo iliyobaki mferejini Ihanda.

Nilishonwa mdomo hospitalini, na kidonda kilipopona nikatengenezewa meno ya bandia. Ni mazuri. Yanacheka vizuri, yanatafuna matoke vizuri. Lakini nilipoweka tarumbeta mdomoni na kubana, kile kibati kinachoyashikilia kiliinuka, kikanipiga ulimi, na tarumbeta likatoa sauti ya mtu anayemwaga maji ya dagaa uani.

Wakati huo wageni walikuwa hawakatiki. Kwetu mtu akipata ajali nyumba haikauki. Walikuja na ndizi, na maharage, na maziwa kwenye chupa za soda, na kila mmoja, kabla hajakaa vizuri, alisema lile lile. Ungekufa. Wangapi wanakufa kwenye bodaboda. Mshukuru Mungu. Mmoja alinihesabia kwa vidole watu anaowafahamu waliokufa kwenye pikipiki, akimaliza kila kidole ananitazama kuona kama shukrani imeshaanza kupanda. Nilielewa walitaka nini. Anayefika huuliza, "Unaendeleaje?" na mgonjwa hujibu, "Tunamshukuru Mungu," hata kama ana jipu. Baada ya hapo ndipo chai inaweza kumiminwa.

Siku moja nikachoka. Kikongwe mmoja jirani, mama ambaye humheshimu mtu kwa kadiri anavyokunywa uji wake, aliniuliza, "Mwanangu, unaendeleaje?"

"Vibaya," nikasema.

Alibaki na kikombe hewani. "Unasema?"

"Vibaya, mama. Ninaendelea vibaya sana."

Aliweka kikombe chini, akatoka, nikamsikia uani akinong'ona na mke wangu kwa sauti ambayo ingefika Rugera.

"Waitu, jamani, hospitali walimpiga picha ya kichwa?"

"Walishona mdomo tu, mama."

"Mrudishe wapige kichwa. Mtu mzima, ameulizwa hali, anasema vibaya? Hapo kuna kitu kimegongwa."

Nilidhani atasema hayo na yataishia hapo. Lakini nilikuwa nimelionja lile neno na nimelipenda. Nikawa nawajibu hivyo wote. Asubuhi njema? Si njema. Habari za kupona? Sijapona. Ndani ya wiki mbili, kutoka kwetu hadi Nyaishozi, ilijulikana kwamba ile ajali iliingia kichwani. Watu wakaanza kuzungumza nami polepole, kwa maneno mafupi. Mwenye duka alinirudishia chenji akiihesabu kwa sauti kama ninajifunza. Nikamwambia mke wangu huu ni upuuzi, hasira si ugonjwa. Akasema, "Profesa, hasira ulikuwa nayo tangu nilipokuoa. Kinachowatisha ni kwamba sasa unaitoa bure." Mimi si profesa. Huniita hivyo ninapoongea sana.

Uvumi ulimfikia Mwalimu, akaja mwenyewe kwa miguu, na mwavuli wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Vibaya."

Alinitazama usoni, akanigeuza kichwa kwa kidole kama alivyokuwa akitukagua chawa darasa la tatu. "Nimeambiwa kichwa kimeharibika. Naona ni kile kile. Leta tarumbeta."

Nililileta.

"Nipe so."

Nikapuliza. Hewa tupu. Nikatoa yale meno ya bandia, nikayaweka mfukoni, nikapuliza tena. Mdomo ukazama ndani kwenye pengo na maumivu yakanipanda hadi machoni.

"Chini yake. Mi."

Mi ilikuja, imepasuka katikati.

"Do."

Do ilikuja nzima. Akaitikia kwa kichwa, akafungua mwavuli ingawa mvua haikuwepo, na hapo nikajua anakwenda kusema jambo lisilojadiliwa. "Mavuno utapiga sauti ya tatu. Lile tarumbeta kubwa. Mdomo wake mpana, halitakuumiza. Sauti ya kwanza nimempa nesi." Nesi alikuwa binti wa zahanati aliyekuja kutoka Bukoba, aliyekaa kiti cha pembeni yangu miaka miwili akipiga sauti ya pili, mwenye meno yake yote.

"Mwalimu, mpaka mavuno nitakuwa nimeweza."

"Hutaweza."

"Na baada ya mavuno?"

"Mimi ni mwalimu," akasema. "Mganga yuko njia ya kule."

Kwa wasioijua sauti ya tatu: katika wimbo mzima wa mavuno inapiga do, do, do, inashuka ti, inarudi do. Ni ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Nilifanya mazoezi mwisho wa kibanja nikiwa na hasira iliyonifanya nikanyage miche ya kahawa. Na wala haikuwa rahisi, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Lile tarumbeta kubwa linakula hewa. Do yangu ilianza vizuri na kufika mwisho ikiwa imelegea kama embe la juzi. Miaka saba ya kupanda, na sasa nashindwa kusimama chini.

Jumamosi ya kuamkia sikukuu, mke wangu alikuwa anachagua mkungu wa kupeleka kanisani. Akasema bila kunitazama, "Nimetuandikisha. Kesho tutaitwa mbele kutoa shukrani."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya ajali yako."

Nilisema mengi. Nilisema sitasimama mbele ya watu kushukuru kwa kuibiwa. Nilisema kama mtu akinichukulia ng'ombe watatu akaniachia ndama, simpelekei mkungu. Nilisema kuhusu ile so, na nadhani sauti yangu ilipasuka, nikajifanya ni meno. Nilipomaliza alikuwa ameweka panga chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Siku ile simu ilipigwa na mtu nisiyemjua," akasema. "Hakuniambia meno. Aliniambia, mama, mumeo ameanguka, njoo, na uje na shuka. Unajua kwa nini mtu anaambiwa aje na shuka?"

Nikatazama lile panga.

"Nilikwenda nayo. Ile nyeupe ya wageni. Nikaikunja kwenye kikapu, nikapanda pikipiki, na njia nzima nikawa nafikiri nitakuzika upande gani wa kibanja. Nafika, nakukuta umekaa, unamtukana dereva bila meno. Sasa wewe kaa na hasira yako, ni haki yako, sijakuomba uiache. Lakini shukrani siyo yako. Ni yangu. Wewe utakuja kwa sababu wewe ndiye ninayekushukuria."

Akainua panga, akakata mkungu.

Kwa hiyo Jumapili nilipelekwa mbele. Ndiyo, nilipelekwa. Yeye alisimama katikati na kitenge chake kipya, kushoto mkungu, kulia mimi nimeshika jogoo aliyefungwa miguu. Alisema maneno machache: "Nilikuwa nimeambiwa nimepoteza, nikakuta sijapoteza, Bwana asifiwe." Washarika wakaitikia kwa nguvu. Nilimtazama yule jogoo, naye akanitazama. Kati ya viumbe watatu tuliofika madhabahuni, ni sisi wawili tu ambao hatukuulizwa.

Halafu mchungaji, kwa wema, akanisogezea maiki. "Na baba, una neno?"

Mke wangu alinikanyaga mguu. "Mwenye shukrani ameshasema," nikasema. "Mimi bado nimekasirika."

Kutoka benchi za kina mama ikasikika sauti ya yule kikongwe jirani: "Haa! Kichwa kizima!" Na watu wakacheka, kuanzia mbele hadi waliosimama mlangoni, na mchungaji akajificha nyuma ya kitabu.

Nikarudi kwenye bendi, nikachukua lile tarumbeta kubwa. Tulipofika mstari wa tatu, nesi alipanda. Nilijua kila ngazi anayokanyaga. Aliifikia so ikayumba, na mimi, nakiri, sikujua kama naomba ishike au ivunjike. Wakati huo huo do yangu ilianza kulegea. Nikaona mabega yake yakipanda, na nikaelewa kwamba nikiiachia hii ya chini, ile ya juu haina pa kusimama. Nikaibana. Kovu likawaka. Sikuishika kwa upendo, wala kwa unyenyekevu. Niliishika kwa hasira yote niliyokuwa nayo, na ilikuwa nyingi, ikatosha mpaka mwisho wa mstari. So yake ikatulia.

Baada ya ibada Mwalimu alipita akikusanya vitabu. Aliponifikia akasema, "Wakora."

Kwa Kinyambo ndilo neno letu la asante, lakini tafsiri yake ni "umefanya". Huambiwa mtu aliyelima, aliyechota maji, aliyebeba jeneza.

"Ilikuwa nzuri?" nikamuuliza. Nilitaka kusikia. Sijui kwa nini katika umri huu bado nataka kusikia.

"Nimesema wakora," akajibu, akinipokonya kitabu. "Nzuri sijasema. Ile ti unaishusha mno. Jumatano saa kumi."