Bega la binti wa bosi wangu nililolikanda kwa maji ya moto

Admin, shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu, na kama tunalingana basi mambo vipi. Jina langu naomba ulifiche kabisa maana hapa Joburg Waswahili tunajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, kwetu Kigoma, nakaa Yeoville na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, tumwite Neema. Shule niliishia la saba, mkiona nimekosea kuandika mnisamehe. Nina uchovu ambao hata nikilala hauondoki.

Nafanya kazi za ndani Mayfair, kwa familia ya Wahindi waliokuja hapa kikazi. Mama mwenye nyumba amerudi India kuuguza mama yake, kwa hiyo wamebaki baba na binti wa miaka kumi na sita, nitamwita Kavya. Huyu Kavya anacheza badminton, ule mchezo wa kupiga kinyoya kwa raketi kipite juu ya wavu. Nilipoanza kazi alikuwa wa kawaida tu, anafungwa, anarudi anajifungia chooni analia. Leo amewafunga wasichana wote wa rika lake hapa mjini na wengine waliomzidi umri. Medali zake nazifuta vumbi mimi mpaka nimezijua kwa uzito. Na sasa makocha wa chuo kikubwa cha mchezo huo kutoka India wanakuja kumtazama Jumamosi hii. Wakimpenda, anaenda kuishi na kufundishwa huko. Baba yake alipopata habari alikaa kwenye ngazi na viatu mkononi, akawa anacheka peke yake.

Sasa kosa langu. Miezi mitatu iliyopita Kavya alinifuata jikoni, kashika bega la kulia. Akaniambia, "Aunty, linachoma. Usimwambie Papa." Mimi nilipojifungua Neema mama yangu alikuwa mbali, jirani yangu Mama Chantal, Mrundi, ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini mpaka nikasimama. Kwetu mwili ukiuma ni maji ya moto, baridi ikikuingia ndiyo umekwisha. Basi nikachemsha maji, nikachovya taulo, nikamkanda, nikamalizia na mawese niliyoletewa kutoka nyumbani. Akacheka, "Aunty, nanukia kama mboga!" Kesho yake akacheza na akashinda.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Akirudi mazoezini namkanda, asubuhi ya mechi namkanda, huku Neema anakokota raketi sakafuni na Kavya anamwambia, "Kua haraka uje unifunge." Nisiwafiche, nilijisikia mtu. Nilisema moyoni, siku moja mtoto huyu ataonekana kwenye TV na mimi nitamwambia Neema, lile bega limepita kwenye mikono hii.

Wiki mbili zilizopita baba yake alinichukua niende naye ukumbini kumtazama. Pembeni palikuwa na msichana mwingine kaumia bega, kocha wake kamfunga barafu. Barafu! Nikadhani wanamwonea. Nikamuuliza yule kocha, akanijibu taratibu tu, "Dada, likivimba ni barafu na kupumzika, na daktari alione. Moto na kusugua utazidisha." Eish, nikaitazama mikono yangu.

Niliporudi Yeoville nikamweleza Mama Chantal. Hakunihurumia. "Weye! Nilikukanda kwa kuwa umezaa. Huyo mtoto kazaa nini? Umekuwa daktari tangu lini?" Nikacheka kidogo, halafu nikalia.

Kesho yake nilimwambia Kavya sikukandi tena, twende kwa daktari. Akanishika mikono yote miwili. "Daktari atasema nipumzike. Nikipumzika hawa makocha wanaondoka, hawarudi tena. Ni Jumamosi moja tu, Aunty, tafadhali." Nikamwambia basi angalau tumwambie Papa. Akasema, "Ukimwambia, utakuwa umenizuia wewe." Sikumkanda, lakini sikusema pia, na mazoezi anaenda kila siku.

Jana asubuhi aliniita chumbani nimchane nywele. Mtoto mkubwa vile! Nilidhani anadeka tu. Kumbe mkono haufiki kichwani. Niligusa bega juu ya nguo, lina joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Tukatazamana kwenye kioo, yeye ndiye aliyeangalia pembeni. Baba yake akapita mlangoni, furaha tele, akasema, "Mama Neema, huyu akifika India, nusu ya medali ya kwanza ni ya mikono yako inayompikia!" Nikasema asante bosi. Jamani, nilisema asante.

Ndugu zangu, nampenda huyu binti. Nataka aende. Nikifumbua mdomo safari huenda ikafa, na baba yake atajua ni mimi niliyelipika lile bega miezi mitatu nikimfichia, sidhani kama atanitaka tena nyumbani kwake. Nikinyamaza, huenda akashinda Jumamosi, na huenda akapiga kinyoya mara moja ukawa mwisho wa huo mkono. Namwangalia Neema alivyolala hapa, najiuliza, bega lingekuwa lake, ningetaka dada wa kazi anifiche?

Leo Alhamisi, wakati naaga, Kavya amenifuata mpaka getini. Amesema, "Jumamosi uje mapema, Aunty. Uchemshe maji mara ya mwisho."

Wamama wenzangu, na ninyi mnaojua michezo, nimebakiwa na kesho tu. Nishaurini, nifanye nini? Niende nikachemshe hayo maji, au kesho nikifika nimgongee baba yake mlango kabla sijavua hata kanga ya mtoto mgongoni?