Plasta ya Bi Kuruthumu

Wenzangu darasani walipangiwa Dar es Salaam, Arusha, Dodoma. Mimi Evaline, binti wa Njombe niliyezoea kulala na blanketi mbili, nikapangiwa Kigoma. Nilipoona jina langu nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikalia. Mwaka wa tatu wa sheria lazima ukae kwa wakili ujifunze kazi kwa vitendo. Sisi tunaita fildi, na bila fildi hakuna shahada. Basi nikakunja suti nyeusi niliyoazima kwa dada yangu, nikaenda.

Ofisi ya Wakili Oswald iko Mwanga, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Wakili mwenyewe ni mtu mzuri, ila maneno yake machache mno, ukimsalimia unahisi umemchelewesha. Katibu wake, Recho, ni Muha wa Kasulu. Wateja wakija wanasalimiana naye mwakeye, mwakeye, wanaingia kwenye Kiha chao, wanacheka mpaka machozi, na mimi niko pale na kalamu yangu nimetabasamu kama picha ya kitambulisho. Namuuliza Recho wamesema nini. Ananijibu, "Aa, hata nikikutafsiria haitachekesha." Jamani! Jumapili ndiyo usiseme. Natoka kanisani, watu wamesimama vikundi vikundi wanapeana habari za wiki, mimi napita katikati yao kama mtu mwenye haraka. Haraka ya kwenda wapi, sijui. Nilikuwa mpweke, niseme tu wazi. Kuna siku nilimpigia mama simu nikiwa sina la kumwambia, nikamwomba aiweke tu karibu na jiko niwasikie wanavyoongea.

Aliyeniokoa ni Bi Kuruthumu. Ni mjane, mtu wa Ujiji hasa, anakaa Kasingirima kwenye nyumba ya mlango wa bluu jirani na bomba la mtaa. Recho ndiye aliyenielekeza kwake nipange chumba. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Kuruthumu," akaitikia marahaba huku akinikagua juu mpaka chini. "Mbona mwembamba hivi? Huko kwenu si ndiko viazi vinakotoka?" Jioni akanigongea mlango. Alikuwa ametandika mkeka uani, kuna ugali wa muhogo, samaki wa migebuka kwa mawese, na sahani mbili za udongo zenye maua. Akaniambia sahani zile hazijatoka kabatini tangu mumewe, Mzee Zubery, afariki.

"Mtu mmoja unapakua ili iweje?" akasema. "Nilikuwa nakula kwenye sufuria humo humo jikoni, nimesimama. Namaliza, naosha, nalala."

Tangu siku hiyo tukawa tunakula pamoja kila jioni. Yeye hakujaliwa mtoto, na watoto wa marehemu kwa mke wa kwanza ni watu wazima, hawakanyagi pale. Akaanza kuniita hakimu wangu. Nikichelewa kazini namkuta mlangoni na mtandio wake, ananigombeza mpaka majirani wanasikia, na Mungu anisamehe, siku nyingine nilikuwa nachelewa makusudi ili nigombezwe.

Sasa sikia. Asubuhi moja akaja mteja ofisini, fundi wa injini za maboti pale Kibirizi, mikono bado ina girisi. Jina lake Khalfani. Wakili akaniambia niandike maelezo yake. Baba yake alifariki mwaka juzi, hakuacha wosia, na mirathi haijafunguliwa mpaka leo. Ameacha nyumba moja tu, na yeye Khalfani amebanana na wanawe kwenye vyumba vya kupanga kule Katubuka. Anaomba mahakama imteue awe msimamizi wa mirathi, nyumba iuzwe, kila mrithi apate chake. Mle ndani anakaa mke wa pili wa baba, hana mtoto.

"Simchukii yule mama," akasema. "Thumni yake, sehemu ya nane ya mjane, atapata. Lakini na sisi ni watoto wa mtu."

Nikamuuliza nyumba iko wapi. "Kasingirima. Ina mlango wa bluu, karibu na bomba."

Kalamu ikasimama. Nilitamani awe mtu mbaya nimchukie kwa raha zangu, lakini hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupanga.

Alipotoka nikamweleza wakili: nyumba ile ndiyo ninayokaa, na yule mama ndiye ninayekula naye. Wakili Oswald akavua miwani.

"Basi kesi hii huigusi, nitaiandaa mwenyewe. Na huko nyumbani usifungue mdomo."

"Hata nimwambie tu atafute wakili wake?"

"Ukimwambia atafute wakili, si umeshamwambia?"

"Basi nihame."

"Utamwambia unahama kwa nini?"

Somo la maadili ya uwakili nilipata A mimi! Siri ya mteja ni ya mteja, mistari miwili unamaliza swali. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba siri yenyewe utakwenda nayo kula ugali. Nikisema, nimemsaliti Khalfani aliyekuja kwetu kwa kutuamini, wakili ananirudisha chuoni, na jasho lote la mama yangu shambani limekwenda na maji. Nisiposema, nampoteza mtu mmoja niliyenaye Kigoma nzima.

Na jioni ile ile, kama vile kuna mtu amepanga, Bi Kuruthumu alikuwa na furaha zake. Zamu yake ya mchezo ilikuwa imefika, akina mama wenzake wamemkabidhi pesa mchana.

"Napiga plasta ukuta wa mbele," akasema, hata tonge hajamega. "Mzee kila mwaka alikuwa anasema mwakani, mwakani, mpaka akaondoka. Sasa napiga mimi. Na rangi napaka."

"Si usubiri kidogo, Bi Kuruthumu?"

"Nisubiri nini?"

Nikaropoka, "Naona kama mvua itanyesha."

Akatazama juu. Ilikuwa mwezi wa nane, vumbi mpaka kwenye kope, mbinguni hakuna hata kawingu. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hakimu wangu weee! Hiyo mvua umekuja nayo kwenye begi?" Kesho yake kila jirani aliyekuja bombani alisimuliwa habari za mvua yangu.

Fundi akaja, saruji na mchanga vikamwagwa mbele ya nyumba. Kila nikirudi kazini ukuta umesogea. Nikaanza kujifungia chumbani, nasingizia kusoma. Akanifuata. "Unaumwa? Au nimekukosea?" Hapo utasema nini? Nikatoka, nikala. Siku ya rangi tulipaka wote wawili, yeye chini, mimi juu ya stuli, rangi nyeupe kama maziwa. Akanipaka puani makusudi. Nami nikampaka kwenye mtandio, akakimbia hadi bombani, mtu mzima yule! Nilicheka kweli kweli. Siku ile ilikuwa nzuri kuliko siku zangu zote za Kigoma, na kila kicheko kikiisha nilijiona mnafiki. Tulipomaliza akarudi nyuma mpaka barabarani, akautazama ukuta wake.

"Mzee angeona," akasema.

Wiki haikuisha. Jumamosi akaja mwenyekiti wa mtaa na karatasi mkononi na gundi kwenye kikopo. Mirathi ikifunguliwa, tangazo la mahakama hubandikwa nyumbani kwa marehemu, ili mwenye pingamizi ajue pa kwenda. Nilikuwa uani nafua. Nikasikia hodi, nikamsikia mwenyekiti anamsomea polepole, kwa heshima zote: marehemu Zubery, mwombaji Khalfani, nyumba iliyopo Kasingirima. Akamwambia karatasi zimeandaliwa kwa Wakili Oswald, pale Mwanga. Kisha nikasikia brashi ya gundi ukutani.

Nilikwenda mbele na mapovu mikononi. Karatasi ilikuwa katikati kabisa ya ukuta mweupe. Bi Kuruthumu hakulia, hakupiga kelele, na nilitamani sana apige. Alimshukuru mwenyekiti, akamuaga vizuri. Alipoondoka akanigeukia.

"Wakili Oswald si ndiye bosi wako?"

"Ndiye."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya plasta."

Akaweka kiganja ukutani pembeni ya ile karatasi. Halafu akasema taratibu, "Kumbe hii ndiyo ile mvua yako."

Nikamweleza. Nilieleza kila kitu nilichofundishwa, sheria inavyotaka, wakili alivyonikataza, kwamba hata yeye angekuja kwetu na siri yake ningeitunza vile vile. Nikamwambia sasa atafute wakili wake, aende mahakamani akasikilizwe, ana haki zake. Aliniacha nimalize.

"Nimekuelewa, Evaline," akasema. "Ulikuwa na kazi yako."

Evaline. Hakuwahi kuniita hivyo tangu niingie nyumba ile.

Jioni akasema hana njaa. Jumapili akashinda kwa wenzake wa mchezo. Jumatatu nilipomsimulia wakili, akanijibu kwa maneno mengi kuliko siku zote: "Umeweza. Wengi hawawezi. Utakuwa wakili mzuri." Nikasema asante, nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia wakili kwa kuwa sahihi, nikamkasirikia Khalfani kwa kuwa na haki, nikamkasirikia Mzee Zubery na mwakani yake, mtu mzima unakufa hujaacha hata neno kwenye karatasi! Nilijikasirikia na mimi, nikatafuta kosa langu nikalikosa, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nilirudi mapema siku hiyo. Mlangoni hakuwepo mtu wa kunigombeza. Nikaoga, nikakaa kitandani nasikiliza kama mkeka utatandikwa. Hodi ikapigwa. Alikuwa ameshika sinia lenye sahani moja, ile ya maua, imefunikwa kwa kawa.

"Chakula chako."

"Na wewe, Bi Kuruthumu?"

"Nitakula."

Akaenda. Nikaweka sahani mapajani. Ugali ulikuwa wa moto, na migebuka amenipa kipande cha tumbo, kile anachokipenda yeye. Sikuwa nimemega bado niliposikia, kutoka jikoni, mwiko unakwangua sufuria.