Mama Aliyelisha kwa Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, patroni wa ukumbi wa video hapa Rumonge alinipa maikrofoni na kigoda kando ya televisheni. Nilitakiwa kufasiri filamu za Kihindi kwa Kiswahili, filamu yenyewe ikiendelea. Kihindi nilikijua kidogo, kwa hiyo kila kaseti niliitazama mara tatu kabla watu hawajaingia. Hata hivyo, dakika kumi hazijaisha, patroni akanivuta shati.

"Wewe! Watu hawajui kama yule ni mama mukwe ao shangazi. Watalia namna gani?"

Ndipo nilipojifunza kwamba filamu ya familia huanza kufasiriwa kwenye undugu: nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi. Mengine hufuata yenyewe. Nilipohamishiwa ukumbi wa Minago, wauza mawese walinipigia kelele kana kwamba nami ni wa ukoo ule wa kwenye filamu: "Mufasiri, mwambie huyo mutoto arudi kwa mamaake!"

Simu zilipoenea, ukumbi ulifungwa, nikastaafu.

Mwaka jana mke wangu, Mwajuma, alipooza mkono wa kulia. Kula kwa kushoto aliona aibu, kulishwa hataki. Sahani zilirudi jikoni zimejaa, naye akazidi kukonda.

Binti yetu Zuhura akatafuta mtandaoni filamu aliyoipenda mamaake tangu ujana, ya mjane na wanawe. Akaiunganisha na televisheni, akatuwekea ugali na samaki wa ziwani, mukeke.

Filamu ilipoanza, maandishi ya duka moja yalisomeka kinyumenyume, nikatambua kwamba picha imegeuzwa. Wanaopandisha filamu mtandaoni bila ruhusa hufanya hivyo, kulia kuwe kushoto, ili wenye mali wasiigundue. Kisha yule mjane akamega chapati, akamlisha mwanawe.

Mwajuma akashtuka. "Iko anamulisha na mukono ya kushoto?"

"Mama, hiyo ni…" Zuhura alianza. Nikamgusa goti.

"Ndiyo," nikasema. "Ya kushoto."

"Na mutoto anakula tu?"

"Anakula. Si ni mamaake?"

Mwajuma aliikazia macho televisheni. Halafu, bila kututazama sisi, akanyoosha mkono wa kushoto, akamega tonge dogo.

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kufasiri, fasirini kwa uaminifu. Anayewasikiliza hana njia nyingine ya kujua. Mimi siku ile nilifasiri vibaya, tena kwa makusudi. Zuhura bado hunitania kwa hilo. Lakini Mwajuma alimaliza ugali, akauliza kama mukeke umebaki.